Jino la Ndovu Garini: Siku Nane Kati ya Malindi na Lamu

Siku ya kwanza, Jumamosi. Malindi

Daktari ameshuka basi la usiku saa kumi na moja alfajiri, na begi moja la nguo na masanduku mawili ya mbao yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kijana wa tuktuk alitaka kujua kilichomo kabla hajapakia. "Meno," Daktari akamjibu, kama mtu anayesema vitunguu. Kijana akacheka, akainua sanduku la kwanza, akaacha kucheka.

Nieleze kidogo. Mimi na Daktari tulikaa dawati moja sekondari, hapa hapa Malindi. Mimi nikawa mwalimu wa biolojia. Yeye akaenda kusomea mifupa, na sasa ni mtaalamu wa visukuku, anachunguza mageuko ya ndovu na mamalia wengine. Mbele za watu namwita Daktari. Tukiwa wawili namwita dada, maana amenizidi miezi minne na hajawahi kuacha kunikumbusha. Yeye ananiita Mwalimu popote, hata tukigombana. Likizo hii ya Agosti ameniomba nimsindikize hadi Lamu: niendeshe gari, nibebe mizigo, niandike yanayotokea. Kuandika ndiko nilikokubali bila masharti.

Watu hudhani kazi yake ni kuchimba. Siku nyingi za mwaka yuko Nairobi mbele ya kabati, anavuta droo na kupima meno kwa kalipa. Anasema droo nazo zina machimbo yake. Mfano anaoupenda ni wa mnyama aliyechimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya. Utaya wake ulikaa makumbusho miongo kadhaa bila mtu kuushughulikia, hadi 2019 wataalamu wawili walipoutangaza kwa jina la kisayansi la Kiswahili kitupu: Simbakubwa kutokaafrika. Aliishi miaka milioni 22 hivi iliyopita, mkubwa kuliko simba yeyote wa leo. Tatizo ni kwamba hakuwa simba, wala si ndugu wa karibu wa simba. Ni wa ukoo wa hyaenodonti, wala nyama wa kale, uliokwisha wote. Jina tamu, lakini mwanafunzi wangu akiliandika kwenye mtihani kwamba ni simba nitamkata alama.

Jioni tulifungua masanduku sebuleni kwetu. Ndani mna meno mawili ya plasta, nakala za visukuku, kila moja limelazwa kwenye pamba kama yai. La kwanza lina vifundo vya mviringo vilivyopangwa mbili mbili. Hilo ni la gomfotere, ukoo wa zamani uliotangulia ndovu. La pili ni la ndovu hasa: refu kama mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, na juu yake mistari imekatiza kutoka upande hadi upande, imeinuka, mikali. Mama alilipitisha kidole akauliza kama ni mbuzi ya kukunia nazi.

"Umekaribia, mama," Daktari akasema. "Ndiyo kazi yake."

Akatuonyesha kwa ubavu. Jino la ndovu ni mabamba membamba ya enameli, lile gamba gumu la jino, yaliyosimama wima, moja nyuma ya jingine, kama slesi za mkate zilizobanwa kwenye mfuko wake. Kinachoyashikanisha ni kitu ambacho wataalamu wenyewe hukiita sementi. Enameli ni ngumu, vingine vilivyo kati yake ni laini zaidi, kwa hiyo vilaini huliwa kwanza na enameli hubaki imechongoka. Mbuzi inayojinoa yenyewe. Na mabamba huhesabika: Primelephas, ndovu wa mapema aliyepatikana Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana, jino lake la mwisho lilikuwa na mabamba yasiyozidi manane. Ndovu wetu wa leo hufika hata 14. Mamathi wa manyoya wa kule Siberia, jamaa wa ndovu aliyekwisha, alipita 20. Mtu akikuletea jino bila kukwambia limetoka tabaka gani, unahesabu mabamba, unapima unene wa enameli, na tayari una fununu ya umri wake.

Mama akaondoka kwenda kukuna nazi yake kwa mbuzi ya kweli.

Siku ya pili, Jumapili. Msitu wa Arabuko-Sokoke

Tumeingia msituni kupitia upande wa Gede, tukiwa na kibali na mzee mmoja Mgiriama anayewatembeza wageni kule miaka mingi. Yeye husema ndzovu. Mimi nasema ndovu. Daktari, kwa kukaa Nairobi, wakati mwingine humponyoka tembo, na mzee humwangalia kwa jicho la kuuliza kama tumebeba la mnazi.

Tulichokuja kutafuta ni kinyesi. Sitalipamba jambo hilo. Ndovu wa msitu huu hawaonekani ovyo, lakini hupita, na wakipita huacha. Tulikuta rundo la jana kando ya njia, limekauka juu, bichi ndani. Daktari alipiga magoti, akavaa glavu, akaanza kulichambua kwa kijiti: nyuzi za gome, vipande vya majani, mbegu nzima nzima zilizopita bila kuguswa. Halinuki vibaya. Lina harufu ya nyasi iliyochacha, kama zizi la mtu msafi. Kila sampuli ikaingia kwenye mfuko wa karatasi na kuandikwa namba.

Nilimuuliza kinyesi cha jana kina habari gani na mifupa ya miaka milioni saba. Akaniketisha kwenye gogo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoelewa safari yote inahusu nini.

Nyasi za nchi za joto na majani ya miti hushika kaboni ya hewani kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo huingia mwilini mwa anayekula. Hukaa kwenye enameli ya meno, na enameli huweza kuitunza mamilioni ya miaka. Kwa hiyo jino lina shahidi wawili: umbo lake, linalosema liliumbika kwa chakula gani, na kaboni yake, inayosema mwenyewe alikula nini. Mashahidi hawa hawasemi jambo moja. Hapa Afrika Mashariki kaboni inaonyesha kwamba ukoo wa ndovu ulianza kula nyasi kwa wingi karibu miaka milioni nane iliyopita. Lakini meno marefu ya kustahimili nyasi na mchanga wake yalikuja kushamiri baada ya milioni tano iliyopita. Mtaalamu wa London, Adrian Lister, ndiye aliyeweka hesabu hiyo wazi mwaka 2013. Katikati kuna kama miaka milioni tatu ya ndovu kula nyasi kwa meno yasiyofaa.

"Tabia ilitangulia," Daktari akasema. "Mwili ukafuata kwa kuchelewa. Sasa angalia hili." Akaonyesha rundo. "Leo wana meno ya nyasi, tazama wanakula nini. Gome. Majani. Wengi wao wamerudi kwenye miti na meno ya nyasi bado mdomoni. Nataka kujua wa msitu huu wanakula nini hasa, ili nikiona jino la kale nisidanganywe na umbo lake."

Nimefundisha mageuko miaka kumi na tatu kwa mchoro ule wa kitabuni: mnyama mdogo, wa kati, mkubwa, mshale, mshale. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akisoma saa kwa kutazama mshale mmoja tu.

Mzee akatuashiria tunyamaze. Tulikuwa tumekaa muda mrefu kiasi kwamba msitu ulitusahau. Kwenye majani makavu, hatua kama kumi hivi, alitoka isanje. Watu wa sayansi humwita sengi wa kitako cha dhahabu, na nyumbani kwake pa kutegemewa hapa duniani ni msitu huu. Mkubwa kama panya buku, miguu myembamba kama ya paa mdogo, pua ndefu inayopinda huku na huku ikifukua majani kutafuta wadudu. Kitako chake kina manjano ya kung'aa, kama amekalia bizari. Alisimama, akapiga ardhi kwa mkia mara tatu, kisha akaruka na kupotea. Nilikuwa sijapumua.

Wazungu waliomwona kwanza walimwita panya-ndovu kwa sababu ya pua. Baadaye, mwaka 1998, wachunguzi wa vinasaba walikusanya wanyama wasiofanana hata kidogo wakawaweka kwenye kundi moja, wakaliita Afrotheria: ndovu, nguva, pimbi, muhanga, fuko-dhahabu, tenreki wa Madagaska, na isanje. Undugu ukawa wa kweli, ila pua haikuwa ushahidi. Ni kama kumdhania mtu jamaa yako kwa kuwa mmevaa kanzu za kitambaa kimoja, halafu ikatokea bibi zenu ni dada.

Kundi hilo lilikulia humu. Afrika ilikuwa kisiwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka kabla haijagusana na Asia, na waliokuwamo walijizalia wao kwa wao. Mababu wa mbali wa swala, twiga na simba waliingia baadaye, kutoka kaskazini. Daktari hupenda kusema kwamba yule twiga aliyetoka Malindi kupelekwa kwa mfalme wa China mwaka 1415 alikuwa anarudishwa kwa wajomba.

Siku ya tatu, Jumatatu. Marafa na mdomo wa Sabaki

Asubuhi Marafa, kwenye lile korongo la Nyari. Watalii walikuwa wengi na jua kali. Kisa cha matajiri waliooga maziwa wakadidimizwa tumekisikia tangu utotoni. Daktari hakutafuta mfupa hata mmoja. Maji ya mvua yakipita kwenye mchanga wa namna hii karne baada ya karne huila mifupa ikaisha. Alipiga picha za matabaka, mekundu, ya waridi, meupe, akanionyesha jinsi ya kusoma kutoka chini kwenda juu, tukaondoka. Nilinunua maembe mabichi yenye pilipili.

Alasiri ndiyo iliyokuwa na maana. Sabaki inapomwaga bahari, maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, na jana mvua ilinyesha juu kwa hiyo mstari wa mto uliingia ndani ya bluu mbali sana. Viboko wanne walikuwa wamelala kwenye fungu. Daktari alikaa mchangani akanisimulia habari ya nyangumi.

Mwaka 1964 mchunguzi mmoja Mmarekani, James Mead, alichimba Loperot, kule Turkana, akapata fuvu la nyangumi mwenye mdomo mrefu. Turkana! Kilomita 740 kutoka pwani ya leo, juu mita 620. Fuvu likapelekwa Marekani, likapotea kwenye maghala, likaonekana tena Harvard mwaka 2011. Umri wake ni miaka milioni 17. Maelezo yanayokubalika ni kwamba nyangumi yule aliingia mdomo wa mto mkubwa, akapotea njia, akaendelea kupanda mpaka akafia bara. Ili aweze kupanda hivyo, ni lazima nchi ilikuwa tambarare, karibu usawa wa bahari. Kwa hiyo mfupa mmoja wa kiumbe aliyekosea njia ukawapa wataalamu wa miamba tarehe: kuinuka kwa nchi ya Afrika Mashariki hapo Turkana kulianza baada yake. Nchi ilipoinuka mvua ikapungua, misitu ikarudi nyuma, nyasi zikaenea. Tukarudi pale pale kwenye meno.

"Wewe kila kitu unakirudisha kwenye meno," nikamwambia.

"Na wewe kila kitu unakirudisha kwenye chakula," akasema, maana nilikuwa bado natafuna maembe.

Siku ya nne, Jumanne. Malindi

Kukausha. Kinyesi kimetandazwa juu ya paa, kwenye magazeti yaliyokandamizwa kwa mawe, kusi likavuma, jirani akalalamika. Mama amesema sampuli zikiachwa hapa hatutazikuta, bustani yake ya mchicha inahitaji mbolea. Nadhani alitania. Daktari hakuona mzaha. Tunakwenda nazo Lamu.

Siku ya tano, Jumatano. Malindi hadi Lamu

Tumetoka baada ya swala ya alfajiri. Mambrui, Gongoni, Garsen, kisha kulia kuelekea Witu. Barabara ni lami siku hizi, na mtu anayeikumbuka ile ya zamani hawezi kupita bila kushukuru kimoyomoyo. Vizuizi ni vingi. Katika kimojawapo, sitasema kipi, askari kijana alitaka nifungue buti.

Alianza na gunia. "Hii nini?"

"Kinyesi cha ndovu, afande."

Akaniangalia. Akamwangalia Daktari. Akachungulia gunia, akanusa, akaamini. "Na sanduku?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alipoona jino alirudi hatua moja nyuma, akaita wenzake. Nyara. Tukashushwa, tukakalishwa chini ya mkwaju. Daktari alitoa kibali, barua, kitambulisho cha kazi. Karatasi zikasomwa na mtu wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha zikarudi kwa wa kwanza. Mkubwa wao hakuwapo na simu yake haikupatikana. Saa mbili tulikaa pale tukitazama mabasi yakitupita, na nakiri nilipandisha sauti mara moja, jambo ambalo halikusaidia.

Mwishowe Daktari aliomba ufunguo wangu wa gari. Akalishika jino lake mwenyewe alilolifungia pamba tangu Nairobi, akalikwangua pembeni mbele ya yule kijana. Chini ya rangi ya kahawia ikatoka plasta nyeupe, unga ukamwagikia viatu. "Chaki," akasema askari. Alionekana kama ameangukiwa na aibu na hamu kwa pamoja. Akalipokea kwa mikono miwili.

"Kwa nini ni moja tu kubwa hivi? Mengine yako wapi?"

Akafundishwa papo hapo, barabarani. Mdomoni mwa ndovu, kila upande wa kila utaya, kwa kawaida jino moja au moja na kipande ndiyo hufanya kazi. Hayaoti kutoka chini kama yetu. Huja kutoka nyuma na kusogea mbele, kama matatu stendi: ya mbele ikichakaa inatoka vipande vipande, ya nyuma inashika nafasi. Zamu sita katika maisha yote. Meno 24 kwa jumla ukihesabu pande zote nne.

"Sita," askari akasema. Akatufungulia njia.

Mokowe tuliacha gari, tukapanda boti. Wakati wa kushusha mizigo gatini Lamu niliteleza kwenye ngazi yenye mwani, sanduku la gomfotere likagonga jiwe. Kifundo kimoja kimekatika. Daktari hakusema neno mpaka tulipofika chumbani, na huko pia hakusema.

Siku ya sita, Alhamisi. Lamu

Amesamehe, au amekunywa kahawa. Tumepata mahamri na mbaazi kwa mama mmoja uchochoroni, kisha tukaenda makumbusho ya ukingoni.

Siwa ya Pate, baragumu la heshima, imetengenezwa kwa pembe za ndovu, urefu wake kama mita mbili, imechongwa nakshi na imepindika kidogo kama mtu anayesikiliza. Ya Lamu ni ya shaba, iko nayo, na wageni wengi huipiga picha hiyo kwa kuwa inang'aa. Daktari hakuiangalia. Aliinama mbele ya ile ya pembe mpaka kioo kikafunga ukungu wa pumzi yake.

"Tafuta ukili," akaninong'oneza.

Sikuelewa. Akaniambia kwamba pembe ya ndovu ukiikata kwa mkato, usoni mwa mkato utaona mistari inayokatizana na kufanya maumbo ya almasi, kama ukili uliosukwa. Hakuna mnyama mwingine nje ya ukoo wa ndovu mwenye msuko huo. Mistari hiyo hukutana, na upana wa kona inapokutana hutofautisha ndovu wa leo na mamathi, ndiyo maana hata wakaguzi wa bandarini hutumia alama hiyo kujua mfanyabiashara anadanganya au la. Tuliangalia ukingo wa mdomo wa siwa muda mrefu. Mimi naapa niliuona. Daktari anasema ulikuwa mwangaza wa dirisha.

Jambo jingine: sisi husema pembe, na si pembe. Pembe ni ya ng'ombe, hutoka kichwani. Hili ni jino la mbele, la utaya wa juu, lililokataa kuacha kukua. Babu zetu walilijua soko lake vizuri zaidi kuliko mzizi wake. Al-Masudi, msafiri wa Kiarabu, aliandika karne ya 10 kwamba pembe za nchi ya Zanji, yaani pwani yetu hii, zilipelekwa Omani, kutoka huko zikaenda India na China. Kuna ndovu wengi waliofika China kabla ya twiga wetu, ila hawakwenda wazima.

Baada ya alasiri tulikaa barazani karibu na Mkunguni, na jino. Watoto wa chuo walitoka, wakalizunguka. Mmoja akauliza kama ni la ndovu wa Abraha. Wazee wawili waliokuwa kwenye bao wakaacha bao. Mmoja, mwenye kofia ya vito iliyopauka, alitaka kujua mwanzo wa ndovu ulikuwa mkubwa kadiri gani.

"Mzee wangu, wa zamani kabisa tunayemjua alipatikana Moroko, umri wake miaka milioni 60. Anaitwa Eritherium. Alikuwa kilo tano, sita."

"Kilo sita ndovu!"

"Kama huyo." Daktari akamwonyesha paka aliyelala kwenye ngazi ya baraza, na Lamu hapakosi paka wa kuonyesha. Kicheko kilichotoka pale kilimwamsha paka mwenyewe. Halafu mzee akatulia. Akauliza, kwa upole, kama Daktari anakusudia kusema hadithi ya Adamu si kweli.

"Mimi nahesabu meno, baba. Hayo mengine wenyewe mnayasoma kuliko mimi."

Mzee aliitika kwa kichwa. Sijui kama aliridhika, ila aliagiza kahawa tungu kwa ajili yetu wote, na halwa.

Mwenzake, mvuvi aliyestaafu, ndiye aliyeanza habari za nguva. Aliwajua akiwa kijana upande wa Kiunga, wakilisha kwenye majani ya bahari kama ng'ombe. Akasema dume lina meno mawili mafupi ya mbele, na maziwa ya jike yako kwapani. Daktari alifunga daftari, akamsikiliza kwa macho. Yote mawili ni sahihi, na yote mawili ndovu anayo: meno ya mbele yaliyogeuka pembe, na maziwa kati ya miguu ya mbele. Nguva nao walianza na miguu minne. Mmoja wa namna hiyo alipatikana Jamaika na kutangazwa mwaka 2001, Pezosiren, mnyama wa kuogelea aliyeweza bado kutembea nchi kavu. Mzee alisema hilo halimshangazi, mifupa ya nguva ni mizito kama nanga, kiumbe wa baharini tangu asili hangehitaji kubebeshwa mawe ili azame.

Daktari alifungua daftari tena akaliandika neno kwa neno.

Siku ya saba, Ijumaa. Manda

Nahodha alitaka tuondoke mapema ili maji ya kujaa yatuingize kwenye mkono wa mikoko hadi Takwa. Tulifika vizuri. Tuliona msikiti, kaburi la mnara, mibuyu. Tukakaa kupita kiasi, kwa sababu yule mvuvi wa jana alikuwa amekuja nasi na alikuwa anasimulia. Tuliporudi, mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye matope. Ikawa kungoja maji saa tano.

Sikuzijutia. Mvuvi alituonyesha kwa fimbo upande wa bara. Alisema alipokuwa mdogo, wakubwa wake walisimulia ndovu wakivuka kuja hapa kisiwani.

"Walikuwa wakiya na mai ya kupwa, mwanangu, na mai yakiwa mengi huogelea. Mkonga juu tu. Hawaogopi mai. Yeo hawayi tena."

Daktari alichora mapafu kwenye matope kwa kijiti. Mamalia karibu wote wana nafasi nyembamba yenye majimaji kati ya pafu na ukuta wa kifua. Ndovu hana, pafu lake limegandamana na ukuta kwa tishu. Kuna wanaoeleza kwamba ndilo linalomwezesha kuzama mwili na kuvuta hewa kwa mkonga bila mishipa kupasuka kwa mgandamizo. Na kule Fayum, Misri, kuna Moeritherium wa miaka milioni 37, mrefu wa kiwiliwili, mfupi wa miguu. Mwaka 2008 uchunguzi wa enameli yake ulionyesha aliishi majini, kwenye mito na vinamasi, akila mimea ya humo. Hakuwa babu wa moja kwa moja wa ndovu wa leo, ni wa tawi la pembeni. Lakini huenda ukoo ulipitia majini. Daktari hakumwambia mvuvi kwamba hadithi yake imethibitishwa. Alimwuliza tu mkonga ulikuwa juu kiasi gani, na mvuvi akapima kwa mkono kutoka kwenye maji ambayo hayakuwapo.

Kaa walipita juu ya mchoro wa mapafu, kisha maji yakaja.

Siku ya nane, Jumamosi. Kurudi

Kizuizi kile kile, askari yule yule. Nilimwona kwa mbali nikaanza kutafuta karatasi. Hakuziomba. Aliinama dirishani upande wa Daktari.

"Madam, ile zamu ya sita. Ikiisha?"

Daktari akamwambia kwamba ya sita huingia ndovu akiwa mtu mzima, ikasaga hadi miaka 60 hivi. Ikilainika, mzee wa ndovu hujisogeza kwenye mabwawa na kando ya mito, ambako mimea ni laini. Huko ndiko mifupa mingi ya wazee hukutwa. Jino likiisha kabisa hawezi kutafuna, na asiyetafuna hali.

Askari alisimama wima. Gari la nyuma lilipiga honi, hakulijali. Shavu lake la kushoto lilivimba kidogo, kisha la kulia: alikuwa anayahesabu yake kwa ulimi. Akatupungia tupite.